Zamu ya Shamba la Mwisho

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Aliye kizani huona mwizi nyuma ya kila kichaka, kumbe mara nyingine kichaka ni kichaka tu. Kempamma alikaa katika kiza hicho karibu msimu mzima.

Shamba lake la mpunga lilikuwa la kumi na tano, mkiani kabisa mwa mfereji utokao bwawani. Tangu enzi za mababu kila shamba lilipata maji siku moja, kwa zamu, na wagawa maji walikuwa wa ukoo wa Nanjunda. Siku hizi Nanjunda mwenyewe, mgawa maji wa sasa, hakubeba jembe la kufungulia mfereji. Kompyuta iliyofungiwa katika sanduku la bati ndiyo iliyofungua malango, nayo iliandikiwa programu na fundi wa jiji la Bengaluru aliyekuja na viatu vyeupe, akaondoka navyo vikiwa vyeupe vilevile.

Zamu moja Kempamma alipata maji, ya pili akakosa. Akapata tena, akakosa tena. Mpunga ukawa manjano kama binzari, udongo ukapasuka hata kidole kikazama. Naye alikuwa mjane, hana shamba jingine.

Akaanza kumvizia Nanjunda. Alihesabu safari zake za kwenda kwenye sanduku, akachunguza matope ya kandambili zake, akakumbuka kwamba shamba la kwanza ni la shemeji yake. Mwishowe akamkabili mbele ya duka la tambuu.

"Nanjunda, shemeji yako amekulisha nini hata ukayameza maji yangu?"

"Dada Kempamma, mimi nafuta vumbi tu. Inayogawa ni kompyuta."

"Basi nifungulie niione roho yake."

"Hata mimi sijui kuisoma!"

"Mlinzi hajui anacholinda! Babu yako angekucharaza kwa mpini wa jembe."

Watu wakaangua kicheko. Nanjunda akainamisha kichwa, na Kempamma akasema moyoni, huo ndio ushahidi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda shuleni, ambako Mwalimu Vasudha alifundisha watoto kuandika programu.

"Mama, umefuata nini kwa watoto?"

"Mwizi, mwalimu. Nifundishe nimkamate kwa macho yangu."

Alijifunza polepole, kama mtu achambuaye mchele wenye mawe. Alijua kwamba kompyuta haina huruma wala hila. Hutenda lile ililoandikiwa, basi. Baada ya Jumamosi tisa, Nanjunda aliwafungulia sanduku. Sasa yeye ndiye aliyeitazama mikono ya Kempamma kwa wasiwasi, asije akajipendelea.

Kempamma alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mwalimu akimsaidia. Ghafla kidole kikasimama. Programu ilisema: ikiwa mwezi haupo angani, usifungue lango; kesho yake anza na shamba la kwanza.

Siku hiyo ya mwezi kufichika hapana anayelima wala kufungulia maji, ndiyo mila. Na kwa kuwa mashamba ni kumi na matano, zamu ya shamba la mwisho huangukia siku ya mwezi mpevu, kisha zamu ijayo huangukia siku hiyo ya mwiko.

"Fundi aliniuliza mila," Nanjunda akasema taratibu. "Nikamwambia siku ile hatufungui. Sikumwambia kwamba wa mwisho hupewa maji yake asubuhi inayofuata, ndipo aanze wa kwanza. Nani asiyelijua hilo?"

"Fundi wa viatu vyeupe."

"Nimwite?"

"Wa nini?" Kempamma akauandika mstari uliokosekana kwa mkono wake. Mwalimu akaukagua mara mbili.

Siku ya mwiko ilipopita, asubuhi iliyofuata maji yaliingia yakinong'ona kati ya mashina. Nanjunda alikuwa amesimama kwenye tuta. Kempamma akamkatia nusu ya donge lake la ugali wa ulezi.

"Nilikupaka matope bure, kaka. Kula."

"Nitakula. Lakini nawe unifundishe, nisije nikaitwa mwizi mara ya pili."

Kompyuta inapokugawia riziki nawe huwezi kuisoma, utamshuku jirani asiye na kosa, kwa maana usilolijua ni usiku wa kiza.