Paa Aliyeitika Adhuhuri

"Paa akiitika juani, mtazame miguu." Mmenisikia nikisema hivyo leo, washenga walipokubali kila tulichotaka kwa ajili ya dada yenu hata kabla hatujamaliza kukitaja, nanyi mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu.

Babu yangu Semhando alikuwa mwindaji huko Uzigua. Alikuwa akibana jani kati ya vidole gumba na kulipuliza, likilia kama mtoto wa paa aliyepotea. Paa akija kumtafuta, mshale unamngoja. Shemeji yake Mbelwa, kaka wa mkewe Sikudhani, naye alikuwa fundi wa jani hilohilo.

Mwaka huo wawili hao hawakuwa wakisemezana. Mbwa wa Mbelwa aliua kuku wa Semhando, naye Semhando akampiga mbwa hadi akafa. Desturi ya wawindaji ilikuwa kuagana: mimi naenda mtoni, wewe shika kilimani. Lakini utamuaga vipi mtu usiyemsalimu?

Msimu wa kuwinda ulikuwa ndio kwanza unaanza. Mvua zimeisha juzijuzi, nyasi bado ndefu, na jua linachoma. Katika joto la namna hiyo paa hulala kivulini. Ukimwita hukawia, pengine haji kabisa. Adhuhuri moja Semhando alijibanza nyuma ya kichaka, mgongo kwenye mti, akapuliza mara moja. Hajafuta hata jasho, akajibiwa.

Moyo ukamruka. Nyumbani kulikuwa na mtoto anayetoka kuugua, na wiki nzima walikula ugali kwa mchicha. Akapuliza tena. Jibu likaja, karibu zaidi. Majani yakatikisika mbele yake. Akapachika mshale wa sumu, akauvuta upinde.

Hapo ndipo alipojiuliza: paa gani huyu anayekimbilia mwito kwenye jua hili? Akaulegeza upinde, akalala kifudifudi, akachungulia chini ya majani. Aliona miguu miwili ya mtu, vidole vimekita ardhini kama vya anayelenga.

"Mtu! Mtu hapa! Usiachie!"

Mshale ulikuwa umeshatoka. Ulipita juu yake ukakita kwenye mti, pale kilipokuwa kifua chake punde tu.

Mbelwa akajitokeza, upinde umemponyoka. "Shemeji?"

"Ni mimi."

"Nilisikia jani lako nikadhani ni paa kweli."

"Hata mimi. Nilikuwa nimeshavuta."

Mbelwa akakaa chini. "Ningemwambia nini dada yangu?"

Semhando akaketi kando yake. Alimpa kibuyu cha maji, akamngoja anywe. Kisha akasema, "Yule mbwa, shemeji, nilikukosea."

"Na mimi sikuja kukupa pole ya kuku wako," alisema Mbelwa.

Sikudhani alipowaona wakija pamoja alisimama mlangoni, hakuamini. Halafu akaona mikono mitupu.

"Nyama iko wapi?"

"Nyama ni sisi," Mbelwa alijibu.

Alicheka, kisha akaziona nyuso zao, akaacha kucheka. Aliwaketisha, akawasikiliza mpaka mwisho. Akamshika kaka yake bega na mumewe mkono. Ndipo akawaambia:

"Basi kuanzia leo, paa akiitika juani, mtazame miguu."