Kiti Kimoja cha Mwananchi

Nisikilizeni vizuri, maana uamuzi wa kisa hiki sinao. Nitawaachia ninyi.

Katika kata moja waliishi watu watatu. Nyamizi alijua kuuguza: mama yake alipooza kwa kiharusi, naye akamtunza miaka minne. Mzee Kapera aliujua ugonjwa wenyewe, maana ulimwachia ulimi mzito. Tunu, muuza chapati, alijua watu. Hakuna nyumba aliyopita bila kuitwa ndani.

Wakaja watafiti wa hospitali kubwa, wakiongozwa na Daktari Mbonea. Walitaka kujua wagonjwa wa kiharusi wanatunzwaje nyumbani. "Wananchi mtashiriki kila hatua," wakaahidi, kisha wakaitisha kikao saa nne asubuhi, siku ya kazi. Walikuja hao watatu tu.

Nyamizi akayasoma maswali yao. "Mnauliza mgonjwa anameza vidonge vingapi. Mbona hamuulizi nani anamgeuza kitandani?" Maswali yakaandikwa upya.

Watafiti walitaka kuwaruka wagonjwa wasioongea vizuri. Mzee Kapera akainuka, jasho likimtoka. "Ma... maneno yapo. Yana... chelewa. Ngojeni." Wakangoja. Tangu hapo kila mgonjwa akasikilizwa.

Lakini watu wakawafungia milango. "Wenzenu walituhoji, hawakurudi na majibu!" Tunu akafunga kibanda wiki tatu, akazunguka nao nyumba kwa nyumba. "Hawa wasiporudi, njooni mnishike mimi." Milango ikafunguka.

Utafiti ukafaulu. Hospitali ikakubali kutuma wauguzi majumbani, na kamati ya kupanga waanzie kwa nani ikatenga kiti kimoja cha mwananchi.

"Kimoja?" Tunu akafoka. "Kazi tumefanya watatu!"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, dada," akajibu daktari.

"Bila swali langu mngehesabu vidonge tu," akasema Nyamizi.

Mzee Kapera akagonga fimbo sakafuni. "Bila... wagonjwa... mngemuuliza nani?"

"Na nani angewafungulia?" Tunu akauliza. "Kila siku watu wananidai majibu. Niwaambie nini?"

Wakabishana mpaka wakanuniana, watu waliokuwa wakisaidiana. Daktari Mbonea akatazama saa yake.

"Msipokubaliana hadi Ijumaa, nitaandika kwamba mwananchi hakupatikana."

Haya, wenzangu, leo ni Alhamisi. Ungekuwa wewe, ungemkalisha nani kwenye kiti hicho?