Kondoo wa Marehemu

Ndugu zangu, huko milimani kwenye baridi, kwenye kondoo wa manyoya mazito, palikuwa na mjane mmoja. Marehemu mumewe alimwachia kondoo jike, si wa kuchinja wala wa kuuza, wa kupendwa tu. Ah, mzee yule! Kila alasiri alimtembeza mpaka kijitoni huku akipiga mluzi, na wakirudi anampa konzi moja ya mahindi. Basi. Mama akiusikia ule mluzi, anajua ni wakati wa kubandika chai.

Mzee alipozikwa, njia ya kijitoni mama hakuikanyaga tena. Angewezaje? Kondoo akafungwa uani, na kila mama akimkumbuka mumewe, anachota konzi ya mahindi. Mnadhani alimkumbuka mara moja kwa siku? Majirani wakasifu, "Mama, kondoo kanawiri!" Naye akafurahi kwamba kipenzi cha mumewe hakijaharibikia mikononi mwake.

Asubuhi moja akamkuta kalala chali, miguu juu, anahema, hawezi kujigeuza. Mama akapiga yowe. Bwana mifugo akaja, wakamwinua, akapenyeza vidole ndani ya manyoya.

"Bonyeza hapa mgongoni, mama. Uti wa mgongo unausikia?"

"Siusikii, mwanangu. Si ndiyo afya hiyo?"

"Afya gani! Ungetakiwa uusikie, umefunikwa nyama kidogo tu. Haya ni mafuta matupu. Akianguka tena hivi usimwone, umempoteza. Mzee alikuwa anamleaje?"

Mama akaeleza: konzi moja, na ile safari ya kijitoni.

"Basi mrudishe kijitoni."

"Siwezi! Njia ile yote ni yeye."

"Mama, mahindi unampa huyu, lakini unayemlisha ni huzuni yako. Na inamuua."

Mama akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akafungua kamba, wakaondoka wawili, polepole.

Na sisi je? Nyumbani kwako yupo mtoto aliyeachwa na marehemu dada yako. Soda anapata. Nguo za sikukuu anapata. Akitaka biskuti kabla ya chakula, anapata. Lakini tangu matanga yaanuliwe, nani amelitaja jina la mama yake mbele yake? Tunaogopa, jamani! Tunamjaza mdomo ili asiulize. Leo ukifika nyumbani, mkalishe karibu yako, umwambie mama yake alikuwa anachekaje. Ukilia, lieni wote wawili.