Mama Kwale na Mfereji wa Mlimani

Paukwa!
Pakawa!
Mtoto kanyonya?
Kanyonya, kalala!

Basi sogeeni, niwahi kabla hajaamka. Hapo kale, kale sana, wanyama waliishi wametawanyika nchi nzima sawasawa. Kisha mvua ikagoma. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mama Kwale alikuwa na vifaranga watatu, ndimi kavu. Akawakusanya: "Twendeni, wanangu, msitazame nyuma!"

Wakafika nyikani. Nafasi tele, maji hakuna. Wakapita.

Wakafika bwawani. Maji tele, lakini mbu! Mbu wa kubeba mtu! Wakapita, mbio.

Wakafika mlimani. Udongo mweusi, migomba, mfereji wa maji baridi. Lakini nyumba zimebanana, paa kwa paa.

"Pamejaa!" akafoka Mbuni, siku hizo naye akiishi mlimani. "Hapa hata kivuli chako hakina pa kulala!"

"Kaka, nipishe hata pa unyayo mmoja."

"Hakuna!"

Bibi Pimbi, mlinzi wa mfereji, akasema, "Mbuni, punguza shingo. Sisi hatumwulizi mgeni katoka wapi. Tunamwuliza, utazibua mfereji?"

"Nitazibua, bibi. Nimezaliwa nachakura."

Wakapewa kona ya kukaa. Mbuni akawaza, wageni wakikosa maji wataondoka wenyewe. Akapanda chanzoni, akaketi puu! juu ya mdomo wa mfereji. Huku chini maji yakakatika. Kifaranga mdogo akaanguka, macho kayafumba.

Mama Kwale hakulia, alie saa ngapi? Akapiga yowe. Majirani wakatoka kila mlango, wakapanda naye.

"Inuka, Mbuni!" Akabana mbawa.

"Inuka, Mbuni!" Akazidi kujikita.

Mara ya tatu hawakusema. Wakachakura chini yake, chaku, chaku, chaku, maji yakafumuka, yakambeba Mbuni hadi nyikani!

Kifaranga akanywa. Akafumbua macho. "Mama, njaa."

Hapo ndipo Mama Kwale alipolia. "Asanteni, majirani. Asante, mlima. Asante hata kwa kubanana huku, maana nilipoita, mlinisikia."

Watu nao walipokuja wakafuata maji. Ndiyo maana penye mvua na rutuba wamesongamana, na nyikani utatembea kutwa usipate wa kumwamkia. Mbuni yuko huko hadi leo, kanyoosha shingo anatafuta jirani.

Basi jueni, mtoto halelewi na nafasi. Hulelewa na maji na majirani.

Hadithi yangu imetiririka hadi hapa. Mwenye kiu akinge mkono.