Kipimo cha Mashauri

Mtu mmoja aitwaye Mashauri alikuwa na banda la michezo ya video ya kuchezwa kwenye televisheni, na jioni watu wazima walijaa humo kucheza mchezo mmoja tu. Mmoja huwa Fisi, wanne huwa wachungaji. Wachungaji husaka njia ya kulifikia lango, na lango halisukumwi na mtu mmoja, sharti wawili. Fisi huwakamata na kuwafungia zizini. Aliyefungwa hawezi kutoka mpaka mwenzake arudi kumgusa, na huko kurudi wao walikuita kukomboa.

Mashauri alitaka haki, asije bingwa akamwonea mwanagenzi. Akaweka kipimo: atokaye salama apande daraja, akamatwaye ashuke, kisha kila mtu acheze na wa daraja lake. Nani angemlaumu? Hata mimi ningempigia makofi.

Kulikuwa na Semeni, mshona nguo. Huyu mwenzake akifungwa hatulii, anarudi. Wengi walitoka kwa mikono yake, naye mara nyingi alibaki. Akashuka, akapangwa na wageni wa mchezo wanaokamatwa ovyo, akawarudia hao nao, akashuka zaidi. Alipolalamika kwamba kipimo hakioni afanyacho, Mashauri alimcheka, akamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Kulikuwa pia na Mwinyimvua, hodari wa kujibanza kichakani hadi wenziwe walisukume lango, ndipo apite. Huyo alipanda mpaka juu kabisa.

Basi akaja mwenye banda wa mtaa wa pili na mchezaji wake, hodari wa kuwa Fisi. Wakapatana mbele ya watu: wachungaji wa Mashauri wakishindwa kutoka, Mashauri afunge banda ahame mtaa. Mashauri hakusita. Akachukua wanne wa daraja la juu, akamwacha Semeni amesimama nyuma na watazamaji.

Mchezo ulianza vibaya. Wa kwanza akakamatwa, na watatu wakajificha. Wa pili akakamatwa, wawili wakazidi kujificha. Wa tatu alipofungwa, alibaki Mwinyimvua peke yake kichakani, hatua chache tu kutoka zizini, na Fisi alikuwa bado mbali upande wa lango. Nafasi ilikuwa wazi, ya kukimbia na kugusa tu. Mashauri akamwinamia, jasho likimtiririka, akamsihi amkomboe mmoja, mmoja tu, wasukume lango.

Mwinyimvua hakuondoa macho kwenye kioo. Akasema, "Nikirudi nikakamatwa nitashuka, bosi. Kipimo ni chako."

Fisi akageuka, akaja polepole akinusa kila kichaka, na kichaka cha mwisho kilikuwa cha Mwinyimvua. Mashauri akamtafuta Semeni kwa macho. Semeni alikuwa analia, maana alilipenda lile banda. Kesho yake Mashauri alifungua nyaya zake ukutani, akahama.

Nanyi mnaopanga watu, nyumbani, kazini, hata humu kanisani: siku mtakapofungiwa zizini, yule ambaye angerudi kuwakomboa mmemshusha mpaka wapi?