Sabuni ya Wajane Saba

Wazee wetu wamepokea kutoka kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi kijana akiitwa Nuaim bin Harith. Babaye alifariki akamwachia mizeituni michache na karakana ya kupikia sabuni. Nuaim alikuwa na huruma, na huruma yake haikuwa ya mdomoni tu. Kila Ijumaa aliwaona wajane wamekaa mlangoni mwa msikiti, mikono mbele, na moyo ukimuuma. Akasema, “Sadaka ya leo huliwa leo ikaisha. Afadhali niwape kazi.” Basi akawachukua saba miongoni mwao, akaweka nadhiri kwamba faida yote ya sabuni itawalea mayatima wao.

Mji ukamsifu. Khatibu akamwombea dua mimbarini kwa jina lake, na kijana wa watu, si unajua sifa zilivyo tamu, akaanza kuwahi safu ya mbele.

Katika wajane hao alikuwamo Bi Lubaba, aliyekuwa mke wa mpika sabuni, na ndiye pekee aliyeijua kazi. Sabuni ya nchi ile hupikwa kwa mafuta ya zeituni na magadi, ikamwagwa sakafuni, ikakatwa miche, kisha miche hupangwa minara minara ikauke miezi mitatu. Haipigwi muhuri mpaka iguswe kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, bado mbichi, na sabuni mbichi hubabua ngozi.

Mwaka huo wa kwanza walichelewa kupika. Baridi ikabisha hodi, na unga ghalani umebaki wa kukung'uta magunia. Ndipo Abu Wadhah, mkuu wa msafara wa mahujaji, akamjia Nuaim nyumbani.

“Nataka sabuni yote uliyonayo,” alisema. “Kesho baada ya Alfajiri tunaondoka.”

Sabuni ilikuwa na wiki tatu tu. Nuaim alilijua hilo. Alijua pia kwamba akiuza, wajane na watoto wao watakula mpaka baridi iishe, na asipouza, karakana itafungwa, na wale saba watarudi walikotoka. Akajibu, “Inshallah, utaikuta tayari.” Njiani kwenda karakana akajituliza: mwenye njaa hana miiko, nia yangu Mola anaijua, na sabuni itakauka safarini. Tazameni Ibilisi alivyo fundi! Hakumwambia ibia watu, alimwambia saidia mayatima.

Alipofika karakana akachukua muhuri, akaanza kugonga mche baada ya mche. Bi Lubaba akaja akasimama karibu naye.

“Umeionja, mwanangu?”

“Mama, hii ni kwa ajili ya mayatima.”

“Nimekuuliza kama umeionja.”

Nuaim akagonga mche mwingine. Bi Lubaba akachukua mche wenye muhuri, akaugusa kwa ulimi, na machozi yakamtoka kwa ukali wa magadi. “Hujaji atakayejipaka hii, ngozi yake ikibabuka, dhima ni ya nani?”

Hapo kijana akapandwa na hasira, maana ukweli ulikuwa umemkalia kooni. “Mimi ndiye niliyewatoa mlangoni mwa msikiti!” alisema kwa sauti, na wajane wote wakasikia.

“Umetutoa, na Mungu akulipe,” akajibu Bi Lubaba taratibu. “Lakini kule tulikuwa tunaomba, mwanangu. Hatukuwa tunamdhulumu mtu.”

Lahaula! Nuaim akaona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke. Akauweka muhuri chini, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Abu Wadhah, akamweleza kwamba sabuni ni mbichi na kwamba yeye alikuwa tayari kumuuzia hivyo hivyo akijua.

Msidhani mkuu wa msafara alimkumbatia kwa ukweli wake. Alimtazama juu mpaka chini, akasema, “Umenipotezea siku,” kisha akaenda kununua kwa mwingine. Nuaim akarudi mikono mitupu.

Asubuhi akaenda karakana kuwaaga wajane na kufunga mlango. Akawakuta wote saba wamefika kabla yake, wakigeuza miche ili ikauke pande zote.

“Yule bwana hakununua,” akasema. “Sina cha kuwapa.”

“Tumeshasikia,” akajibu Bi Lubaba. “Tumekubaliana watatu tuende kuchuma zeituni za watu kwa ujira, wanne wabaki na sabuni, kwa zamu, mpaka iive. Nawe utakwenda zamu ipi?”

 Nuaim akauliza, “Bado mnanitaka?”

“Mpaka jana karakana hii ilikuwa yako, ukitusaidia sisi. Leo ni yetu sote. Chukua kikapu.”

Akachukua, akilia bila kujificha. Baridi ile walikula mlo mmoja kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyerudi kukaa mlangoni mwa msikiti.

Enyi vijana mnaotaka kufungua mlango wa kheri, safisheni nia, lakini jueni kwamba nia njema haiivishi sabuni. Na mtakapowainua wanyonge, wapeni nafasi ya kuwaambia ninyi hapana. Siku moja neno hilo litawaokoa ninyi.