Kibuyu Kilichochoka Kuvuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo kale, kale sana, palikuwa na nchi yenye asali tele, chumvi hakuna. Chumvi ilikuwa kwa Mbuzi, ng'ambo ya mto. Wanyama wakila mboga chapwa, wakinuna.

Mfalme Kiboko akatangaza: "Kibuyu cha asali kikivuka mto, mwenyewe apewe mkungu wa ndizi ghalani. Tuuze, tupate chumvi, nchi inenepe!"

Weee! Wanyama wakacheza, ti-ti-ti!

Nguchiro akavuka. Chubwi! Akapewa mkungu. Lakini hakumwuzia Mbuzi kitu. Alizunguka nyuma ya matete, akarudi na kibuyu kilekile, akavuka tena. Chubwi! Mkungu. Wenzake wakamwona, wakacheka, wakaiga. Huku chubwi, kule chubwi. Mizinga ikaachwa.

"Vibuyu vinavuka kama siafu!" Kiboko akashangilia. "Tumekua!"

Mama Nyegere, mrina asali, akaja mbio. "Mfalme wangu, ndizi zinakwisha. Hiyo ndiyo akiba ya kiangazi. Wanangu watakula nini?"

"Vuka kama wenzako, mama."

"Nimevuka, nimeuza. Chumvi yangu hii hapa. Ya wenzangu iko wapi?"

Nguchiro akadakia, "Wivu huo! Miguu mifupi ni yako, shangazi, lawama zetu sisi!"

Akatua kibuyu mbele ya mfalme, akanyoosha mkono apewe ndizi. Kibuyu kikanguruma. Maji ya mto yalikuwa yameingia, jua limekipiga, asali imechacha. Gururu, gururu... PAA! Povu likamrukia Kiboko usoni.

Kiboko akajilamba. Akajilamba tena.

"Nguchiro, hii ni pombe! Asali hii ilianza kuvuka lini?"

"Ehe... tangu mwezi uandame, Mfalme. Haijapumzika."

Wanyama wakaanguka kwa kicheko. Kiboko naye akacheka, tumbo likatikisika. Kisha akachungulia ghalani. Kicheko kikamkauka.

"Fungeni mlango! Zilizobaki ni za watoto. Mavuno yajayo, mkungu ni wa anayerudi na chumvi."

Nguchiro akapandishwa mzingani ajifunze kurina. Yii! Yii! Mama Nyegere akamshikia moshi, akicheka mpaka moshi ukamwingia puani.

Funzo ni hili: nchi haikui kwa vibuyu kuvuka mto. Inakua kwa asali iliyorinwa na chumvi iliyofika nyumbani. Ukitoa zawadi kwa safari, utapata safari tu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka chumvi, akarine.